Gumegume, Fataki na Umbali wa Shabaha

Wafasiri wetu wamezoea kuiita kila silaha ya moto ya karne ya 19 “bunduki”, na kwa neno hilo moja hufuta umbali. Waswahili wenyewe walibagua: ya gumegume iliwashwa kwa jiwe, ya fataki kwa kikofia cha shaba, zote mbili, zikishindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, ni magobori. Mtutu wake ukiwa laini ndani, bila mifuo, hauizungushi risasi, nayo hupotoka mapema. Kuinua alama ya nyuma ya kulengea hufidia kuanguka kwa risasi tu, si kupotoka kwake. Ndiyo maana msasi wa ndovu alilazimika kunyemelea karibu mno. Msomaji wa tafsiri hizo humdhania yu mbali, salama.