Historia ya Sevu, na Kosa Langu la Mwaka 1995

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba makala, alipendekeza nieleze maisha ya utumishi wa Serikali. Nimemwomba radhi. Habari za mafaili na vikao mnazo za kutosha huko mliko, na wengi wenu mnazijua kuliko mimi. Nimechagua kuandika historia ya jambo dogo, yaani mpigo wa kuanzisha mchezo wa tenisi, ambao sisi uwanjani tuliuita sevu. Ninayo sababu ya kufanya hivyo, na mmoja wenu ataitambua kabla ya wengine.

Waliosoma katika miaka yetu wataukumbuka uwanja ule wa saruji nyuma ya bwalo, wenye ufa uliokatiza kutoka kona hadi kona. Neti yetu ilikuwa wavu wa kuvulia samaki. Raketi zilikuwa nne, mbili kati yake za mbao, na mpira uliopotelea kwenye migomba ya jirani ulitafutwa hadi kengele ya chakula. Hatukuwa na kocha. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mwema sana, alikuwa bingwa wa mpira wa wavu, na kuhusu tenisi alituambia wazi kwamba tujifundishe wenyewe.

Basi tukajifundisha. Walimu wetu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa kitabu kimoja cha maktaba, kilichoachwa tangu kabla ya Uhuru, chenye picha za Wazungu waliovaa suruali ndefu nyeupe. Wa pili alikuwa ukurasa uliochanwa kutoka gazeti la ng'ambo, uliobandikwa ukutani bwenini juu ya kitanda changu. Ulikuwa na picha ya Pete Sampras wa Marekani mara baada ya kupiga sevu. Runinga zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza Tanzania Bara mwaka 1994, na shuleni hatukuwa nayo. Kwa hiyo Sampras tuliyemjua ni yule mmoja wa ukutani, aliyesimama hewani pasipo kutua miaka miwili mizima.

Picha ile tuliisoma kama watu wanavyosoma barua ya urithi. Mkono wa Sampras ulikuwa umenyooka, raketi imeelekea chini, kiganja kimetazama nje, na kifundo cha mkono kimekunjika. Tukakata shauri kwamba siri ya nguvu zake imo katika kifundo. Kitabu nacho kilitusadiki, kwa maana kilisema mpigaji amalizie kwa kukunja kifundo upesi. Tena kiliongeza kwamba wakati wa kupiga, mguu mmoja usiondoke ardhini. Picha ya Sampras ilikuwa ikipinga jambo hilo la mguu waziwazi, lakini kitabu ni kitabu, nasi tulikuwa wanafunzi watiifu.

Mwaka 1995 nikiwa Kidato cha Tatu nilikabidhiwa tenisi. Alikuwapo kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mrefu, mwenye mikono kama makasia. Nikaona huyu ndiye atakayetupatia ushindi dhidi ya shule jirani. Kila jioni nilimpigisha sevu mia moja, miguu imegandishwa, kifua kikiitazama neti, raketi imeshikwa kama kikaango, na mimi kando nikimpigia kelele: "Kifundo! Kunja kifundo!" Alikuwa ananiita kaka, wala hakuwahi kubisha. Wiki ya tano kiwiko chake kilivimba. Nilimwambia ni uchovu, apumzike siku mbili. Akapumzika, akarudi, nikampigisha tena. Mechi na jirani hakucheza, na raketi hakuishika tena.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Lilinirudia kwa nguvu nilipohamia Dodoma pamoja na ofisi yetu na kuanza tena kucheza jioni, safari hii bega langu mwenyewe likiuma. Ndipo nilipoamua kufuatilia chimbuko la mafundisho yale. Kama ilivyo desturi ya watu tuliopita Mlimani, nilianza mwanzo kabisa.

Tenisi ya majani ilipewa hataza Uingereza mwaka 1874 na Meja Walter Clopton Wingfield. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877, yakashindwa na Spencer Gore kati ya washiriki 22. Siku zile neti ilikuwa juu zaidi ya hii ya leo, na wengi walianzisha mpira kwa mkono wa chini au wa ubavuni, kama mtu anayemkaribisha mwenzake. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuanzisha kwa mkono wa juu kabisa ya kichwa huko Wimbledon ni A. T. Myers, mwaka 1878. Waliomwona waliiga. Sevu ikaacha kuwa ukaribisho, ikawa silaha.

Mwaka 1900, katika shindano la kwanza la Kombe la Davis huko Boston, Waingereza walikutana na jambo jipya. Dwight Davis, Holcombe Ward na wenzao walikuwa na sevu ya kusokota. Raketi iliparuza mpira kwa kupanda, nao ukitua uliruka juu na kwenda upande ambao mpokeaji hakuutarajia. Wamarekani walishinda 3 kwa 0. Kilichonivutia hapa ni kwamba wageni wale walikuwa wachezaji hodari, walisimama hatua chache tu kutoka kwa mpigaji wakamwangalia kwa macho yao, na bado kuona huko hakukuwafaa kitu mchana ule.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Mpira hukaa juu ya nyuzi za raketi kwa muda wa kama sehemu nne au tano za elfu moja ya sekunde. Jicho la mwanadamu halina uwezo wa kunasa tukio la namna hiyo. Linaona mkono unapanda, kisha linaona mkono umeshuka, na katikati akili inajaza yenyewe.

Hapo ndipo kamera inapoingia katika historia hii. Eadweard Muybridge, yule aliyepiga picha za farasi akikimbia, aliwapiga pia wacheza tenisi, na picha zake za mfululizo zilitolewa mwaka 1887. Mwaka 1905 George Beldam na P. A. Vaile walitoa kitabu kizima cha picha za mabingwa wa tenisi wakiwa katika mapigo yao. Baadaye Harold Edgerton wa Marekani alitumia taa za kumulika mara nyingi kwa sekunde moja, akaonyesha mpigo mmoja kama feni iliyofunguka, raketi juu ya raketi. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kumsoma bingwa asiyewahi kukutana naye.

Lakini picha moja moja ndizo zilizoenea, na picha moja ni shahidi wa hatari. Inakwambia mkono umefika wapi, haikwambii umepita njia gani. Ukurasa wetu wa bwenini ulikuwa shahidi wa aina hiyo. Ulipigwa mpira ukiwa umekwisha kuondoka. Kifundo tulichokiona kimekunjika na kiganja tulichokiona kimegeuka nje vilikuwa mabaki ya tendo lililokwisha kupita. Sisi tukayachukua mabaki tukayafanya ndiyo tendo lenyewe.

Kuhusu mguu kutoondoka ardhini, nimegundua kwamba kitabu chetu hakikukosea kilipoandikwa. Ilikuwa sheria. Hadi karibu mwaka 1960 mpigaji alitakiwa awe amegusa ardhi anapopiga, ndiyo maana mabingwa wa zamani kama Bill Tilden walipiga sevu zao kali bila kuruka. Sheria ilibadilika, miguu ikaachiwa, na sevu yote ikabadilika, kwa kuwa magoti sasa yaliweza kukunjwa na kufyatuka hadi mwili ukaondoka chini. Kitabu kikabaki maktaba na amri yake. Kwa hiyo katika mwaka 1995 sisi tulikuwa watumwa wa sheria iliyofutwa miaka zaidi ya thelathini nyuma. (Mtumishi wa umma akisoma hapo anaweza kutabasamu. Mimi nilitabasamu, kisha nikanyamaza.)

Na sasa nifike kwenye kifundo. Mwaka huohuo wa 1995, wakati mimi napiga kelele nyuma ya bwalo, wataalamu watatu, Bruce Elliott wa Australia Magharibi pamoja na Robert Marshall na Guillermo Noffal, walichapisha uchunguzi wao juu ya sevu ya nguvu. Waliwapiga filamu wachezaji wa kiwango cha juu kwa kamera za mwendo wa kasi, wakapima kila kiungo cha mkono kinachangia kiasi gani cha kasi ya raketi inapokutana na mpira. Zaidi ya nusu ya kasi hiyo ilitoka katika mkono wa juu, ule ulio kati ya bega na kiwiko, kwa kujizungusha kuelekea ndani katika tundu la bega. Kifundo kilikuwa na sehemu yake, kama theluthi moja hivi, nami sitaki kukidhulumu. Ila kifundo cha bingwa hufyatuka kikiwa kimelegea, mwishoni mwa mlolongo ulioanzia miguuni, ukapita nyonga, kiwiliwili na bega. Sisi tulichukua kiungo cha mwisho tukakibebesha mzigo wa viungo vyote. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kiwiko kile kuvimba. Sevu mia moja kila jioni kwa mtoto anayekua ingetosha yenyewe kuleta balaa.

Siku hizi kumsoma bingwa si kazi. Simu ya mkononi inakuonyesha Sampras huyohuyo akipiga taratibu kama anaogelea katika asali. Nilipomtazama hivyo mara ya kwanza nilishtuka. Raketi inapanda kuuendea mpira ukingo ukiwa umetangulia, kama makali ya panga, na kwa kitambo kidogo unaapa kwamba ataukata mpira vipande viwili. Mwishoni kabisa mkono wote unajigeuza na nyuzi zinautazama mpira. Ndiyo ile kasi ya kujizungusha. Baada ya mpira kuondoka mkono unaendelea kugeuka, na hapo, ghafla, linatokea umbo la picha yetu ya bwenini. Nilisimamisha simu papo hapo nikaitazama sana.

Kinachowezesha hayo ni namna ya kushika. Raketi hushikwa kama unavyoshika nyundo ya kupigilia msumari. Aishikaye kama kikaango, kama nilivyomfundisha yule kijana, hana nafasi ya kugeuza kitu, kwani nyuzi zimekwisha kuutazama mpira tangu mwanzo. Kubaki kwake ni kukunja kifundo tu.

Nilichojifunza kingine ni kwamba si kila la bingwa huigwa. John McEnroe alisimama karibu ameipa neti mgongo, na inaelezwa kwamba mkao huo ulitokana na maumivu ya mgongo wake. Ulimfaa yeye, na alishinda Wimbledon mara tatu. Roscoe Tanner aliurusha mpira chini chini na kuupiga ungali unafika kileleni. Ukijaribu hilo bila mkono wake utapiga hewa, nami ni shahidi, maana vijana wa klabuni walicheka hadi wakakaa chini. Nilichofuata mimi ni yale ambayo mabingwa wote wanayo kwa pamoja: kushika kama nyundo, ubavu kuelekea neti, magoti kukunjwa, ukingo kutangulia, mkono kujigeuza. Ilinichukua miezi minane. Miezi miwili ya kwanza mipira yangu iliangukia uwanja wa jirani. Sasa hivi sevu yangu inaingia, bega haliumi, ingawa mwendo wake hauwezi kumtisha mtu. John Isner alipimwa kilometa 253 kwa saa katika Kombe la Davis mwaka 2016. Mimi sijapimwa, na nashukuru.

Yannick Noah alikuwa na umri wa miaka 11 Arthur Ashe alipomwona akicheza Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971. Ashe alitoa taarifa Ufaransa, mtoto akachukuliwa kufundishwa, na mwaka 1983 alishinda mashindano ya Ufaransa. Kijana wetu wa Kidato cha Pili aliangukia macho yangu mimi.

Katika mkutano wetu uliopita tulikutana naye kwenye foleni ya pilau. Ana mvi kuliko mimi. Alinisalimu kwa heshima ileile, "Shikamoo kaka," kisha akainua mkono wa kulia, akaukunja na kuukunjua, akasema kwa mzaha, "Kiwiko hiki bado kinakukumbuka." Waliokuwapo walicheka. Mimi sikuweza. Nilimwita pembeni nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ile picha ilikuwa ya baada ya mpira?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye foleni.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu kutaka kujua raketi ya mtu wa umri wetu iwe na uzito gani. Tumekubaliana kwamba katika mkutano ujao tutafika shuleni Ijumaa mchana, siku moja kabla ya wengine. Uwanja bado una ufa wake, lakini Mkuu wa Shule ameahidi kufyekesha nyasi. Tutapiga sevu ishirini tu kila mmoja, na vijana wa sasa wa shule wakaribie watazame wakitaka. Neti nitakuja nayo mimi. Mwenye raketi ya ziada au mipira anaombwa aje nayo.