Ombi la Mgonjwa

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu haina utata katika jambo hili: amsaidiaye mwenzake kujiua, awe daktari au ndugu wa damu, aweza kufungwa maisha. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, wala haiulizi mgonjwa alikuwa katika hali gani. Wengine wamekwisha kuuliza. Wananchi wa jimbo la Oregon, Marekani, walipiga kura mwaka 1994 kumruhusu daktari amwandikie mgonjwa asiyetazamiwa kupona dawa ya kukatisha maisha yake, na Uholanzi ilianza kutumia sheria yake mwaka 2002. Huku kwetu chini ya Mlima Meru habari hizi hazizungumzwi hadharani, bali ombi lenyewe lipo, na kila aliyeuguza mgonjwa wa saratani analifahamu.

Mwalimu mwenzangu alilitamka mbele yangu. Alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali fulani na vidonge vya panadoli, saratani ikiwa imeingia mifupani. "Nipeni kitu nilale, msiniamshe tena." Wanawe walidhani baba amepoteza imani. Mimi sikudhani hivyo. Niliona mtu aliyechoshwa na maumivu.

Dawa ya maumivu hayo ilikuwa ikijulikana siku nyingi. Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967, akaonyesha kwamba mofini ikitolewa kwa saa zake, bila kungoja mgonjwa apige kelele, humtuliza naye akabaki na akili zake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1986. Nairobi ilipata hospisi mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala, unga wa mofini ukikorogwa na maji na kutiwa chupani, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa hunywa kwake. Na mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika. Sisi tulikuwa na Ocean Road, taasisi ya saratani tangu 1996, lakini kutoka Arusha ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Ahueni yetu ilikuwa Selian, hospitali ya Kilutheri karibu na Ngaramtoni, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani.

Chupa ilipofika kwa mwenzangu, wazee waliikataa kwanza. Waliogopa italewesha ulimi wake kabla hajatoa wosia, na kwetu mzee kufa bila kusema neno kwa wanawe si jambo dogo. Alikunywa, akalala usiku mzima, na siku ya tatu akagawa mashamba yake kwa sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo wanaotaka sheria ya Oregon ije hapa nawauliza kwanza: mofini imefika Longido?

Hata hivyo nisimdanganye msomaji. Maumivu yalipokwisha, ombi lilirudi mara moja. Safari hii halikuhusu mifupa. Mkewe alikuwa dhaifu, na aliyekuwa akimwogesha ni mke wa mwanawe, mkwewe. Kwa Mwarusha wa rika lake aibu hiyo haina dawa ya chupani. Tulipolielewa hilo, mpwa wake alihamia nyumbani pale, akachukua beseni.