Nani Mkubwa: Garissa, Wajir au Mandera?

Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tuna ubishi mmoja usioisha: kati ya Garissa, Wajir na Mandera, mji gani ni mkubwa? Mtu wa Garissa atakukumbusha makao makuu yalikuwa wapi. Wa Wajir atakwambia kwao watu walikuwa wakinywesha ngamia kabla Garissa haijawa mji. Wa Mandera hatabishana sana. Atakuuliza tu ile sukari uliyotia kwenye chai imepitia wapi.

Mimi ni wa Garissa, wajomba zangu ni wa Wajir, kwa hiyo ubishi huu nimekua nao. Watoto wa wajomba walitucheka ati sisi tumeshakuwa Waswahili, tunaongea Kiswahili hata na mama zetu. Sisi tulijibu kwa ndoo, maana Wajir maji yako karibu mno na uso wa ardhi, choo cha shimo ni shida, na miaka nenda miaka rudi mji ulitumia vyoo vya ndoo. Ni matani, lakini ndani yake kuna historia. Ukiifuata unaona jambo ambalo wabishi hawalisemi: ukubwa wa miji yetu uligawiwa na watu wa nje, na utajiri wetu, kila ulipopata nafasi ya kuhama, ulihama.

Wacha tuanze na Wajir, maana ukongwe ni wake. Katika nchi ambayo mali ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, mji si mahali pa kuweka mali. Mali inatembea. Mji ni pale ambapo mali inalazimika kurudi kunywa. Visima vya Wajir, vilivyochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, viligombaniwa kwa vizazi na Waajuran, Waborana na koo za Kisomali. Waingereza nao walipotaka kuitawala nyika, walienda kukaa penye visima. Hawakuhitaji kumfukuza mfugaji porini. Walimsubiri kwenye maji.

Halafu wakafunga milango. Mwaka 1925 Uingereza iliwapa Waitaliano Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu. Mwaka uliofuata, 1926, wakaitangaza NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kuwa eneo lililofungwa: kuingia au kutoka ni kwa kibali. Mfugaji akajikuta bandari yake iko chini ya bendera nyingine, na njia ya Nairobi inahitaji karatasi. Wajir ikabaki na hadhi ya ngome. Vita vilipofika mwaka 1940, ndege za Waitaliano zikaipiga mabomu. Hiyo pia ni hadhi, ya aina yake.

Na Garissa ilikuwa wapi? Siku hizo mkuu wa NFD alikaa Isiolo, wala si kwetu. Garissa ilikuwa kivuko cha Mto Tana na ofisi ya wilaya. Ilipanda cheo ghafla mwaka 1963, mipaka ya majimbo ilipochorwa upya. Isiolo, Marsabit na Moyale zikatiwa Jimbo la Mashariki. Garissa, Wajir na Mandera zikawa Jimbo la Kaskazini Mashariki, na makao makuu yakawekwa Garissa. Sisi wenyeji tunalisema hilo kwa kifua mbele. Lakini tukumbuke mwaka ulivyoisha: Desemba 1963 serikali mpya ilitangaza hali ya hatari, na vita vya Shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha mwaka 1967. Vita viliisha, sheria za hatari zikabaki. Hazikuondolewa hadi 1991.

Kwa hiyo Garissa ilikuwa makao makuu ya mkoa uliokuwa kifungoni. Ukubwa wake ulikuwa mhuri. Mkuu wa Mkoa alikuwa Garissa, hospitali ya mkoa ilikuwa Garissa, na mtu wa Mandera mwenye shida ya ngazi ya mkoa alisafiri mamia ya kilomita kuja kupanga foleni kwetu. Tulipata mishahara ya watumishi, maduka ya kuwauzia, nyumba za kuwapangisha. Hiyo ndiyo iliyotufanya mji. Lakini sisi wenyewe, tukitaka kwenda Nairobi, tulishushwa kwenye basi darajani, vipande vikakaguliwa, na tukishavuka tulisema tumeingia Kenya. Watu wanasema hivyo mpaka leo, nusu kwa utani.

Pesa za maendeleo nazo zilikuwa na njia yake. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba serikali ingewekeza kwanza penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili mavuno yasambae kwingine baadaye. Kwetu hakukuwa na mvua wala barabara. Mwaka uliofuata watu walikusanywa kwenye manyatta zenye ulinzi pamoja na mifugo yao, na mifugo ikafa kwa wingi kwa kukosa malisho. Mimi nikisikia mtu akisema wafugaji wa Kaskazini walibaki nyuma kwa sababu ya ukame tu, huwa namrudisha hapo.

Bila shaka kuna mambo ambayo hatuwezi kushindania. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa hapa Garissa na watu wakauawa na askari. Mwaka 1981 ikawa Malka Mari, upande wa Mandera. Februari 1984 ikawa Wagalla, karibu na Wajir: serikali ilikiri vifo 57, lakini tume ya ukweli, haki na maridhiano iliyotoa ripoti mwaka 2013 ilikadiria karibu 1,000. Hapo hakukuwa na mji wa kwanza wala wa tatu.

Sasa jiulize: mfanyabiashara mwenye akili, katika miaka hiyo, angejenga wapi? Jibu liko Eastleigh, Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita vya kwao walianza kuuzia bidhaa ndani ya vyumba vya gesti moja. Mchana chumba kilikuwa duka. Gesti hiyo ikageuka jengo la maduka, na likafuatwa na mengine mengi mpaka mtaa mzima ukawa soko la Afrika Mashariki. Jina lake? Garissa Lodge. Yaani Garissa iliyoleta pesa nyingi kuliko zote ilikuwa kilomita zaidi ya 350 kutoka Garissa. Ng'ombe nao njia yao ni hiyohiyo: wengine wanatembea kutoka ng'ambo ya mpaka mpaka soko letu la mifugo, ambalo ni kubwa kweli, kisha wanapandishwa lori kwenda Nairobi na Mombasa. Mwenye bucha wa huko ndiye anayekula nono.

Mandera wakati wote huo iliishi kwa mpaka. Maziwa ya unga, mchele, pasta na sukari vilitoka Somalia, na upande mwingine ni Ethiopia, ng'ambo ya Mto Daua. Serikali ilipofunga mpaka na Somalia mwaka 2007, biashara haikufa. Iligeuka magendo, na kila mzigo ukawa na mtu wa kulipwa njiani.

Halafu ukaja ugatuzi, mwaka 2013, na mhuri wetu ukagawanywa mara tatu. Fomula ya kwanza ya mgao iliangalia idadi ya watu kwa asilimia 45 na umaskini kwa asilimia 20. Mandera ikapata fungu karibu na kilele cha orodha ya nchi, Wajir ikafuata nyuma, na Garissa, makao makuu ya zamani, ikawa ya mwisho kati ya zote tatu. Ndiyo maana kuhesabiwa kumekuwa vita. Sensa ya 2009 iliipa Mandera watu 1,025,756, serikali ikafuta matokeo ya wilaya kadhaa za kwetu, watu wakaenda mahakamani. Sensa ya 2019 ikasema Mandera ina 867,457. Zamani ulihesabu ngamia kujua mkubwa ni nani. Siku hizi tunahesabu vichwa na umaskini.

Februari 2025 Rais alienda Wajir kutangaza mwisho wa ule uchunguzi wa ziada ambao watu wetu walipitia kabla ya kupata kitambulisho. Wajomba walinipigia simu kunicheka kwamba habari kubwa kama hiyo haikutangaziwa Garissa. Nilikubali kuchekwa. Mimi mashindano ninayoyangoja ni mengine: mji utakaokuwa wa kwanza kumfanya tajiri wake ajenge nyumbani, achinje nyumbani, auze ngozi na nyama badala ya ng'ombe aliye hai. Huo nitauita mkubwa, hata ukiwa Wajir.