Nani alilipia picha za saloni zetu?

Ndugu wasikilizaji, ninyi mlio hapa Tenke na ninyi mliohamishwa mbali, hapa kwetu reli inagawanyika. Njia moja inaenda Lubumbashi, moja Kolwezi hadi Dilolo, na ya tatu inapanda Kamina kuelekea Kasai. Ile ya Kasai ilifika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, mwaka 1928. Familia nyingi za Kasai zilikuja kwenye migodi kwa njia hiyo.

Tukizungumza sanaa ya Katanga, jina la Mzungu hutangulia. Ni kweli, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake Elisabethville mwaka 1946. Pilipili Mulongoy na Bela walichora humo, na Wazungu wakanunua. Lakini kwangu mimi hiyo ni nusu ndogo ya habari.

Nusu kubwa ilitundikwa ukutani mwa wafanyakazi. Mchoraji alichukua gunia la unga, akalivuta kwenye fremu ya mbao, akalipaka rangi nyeupe, kisha akachora. Katika miaka ya 1970 wateja wake walikuwa karani, mwalimu, mtu wa mgodi, mtu wa reli, mwenye duka dogo. Wengi walikuwa watoto wa wageni. Walinunua Mamba Muntu, au Colonie Belge: mfungwa anachapwa fimbo na askari, Mzungu anaangalia. Picha hizo waliziita ukumbusho. Mgeni akiingia, mazungumzo yalianza pale.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 katika familia ya Kasai, aliishi kwa picha za namna hiyo. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha kama mia moja, kwa ajili ya mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian. Leo ziko Amsterdam. Habari za Tshibumba mwenyewe zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ubelgiji nako wageni walilipa wachoraji, tena zamani sana. Tommaso Portinari, Mtaliano wa benki ya Medici mjini Bruges, alimwagiza Hugo van der Goes picha kubwa ya kanisa. Akaituma kwao Florence, ikafika 1483, na ingali mjini humo. Alikuwa na kwao pa kuituma.

Sisi je? Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliotoka Kolwezi kwa treni walipita hapa Tenke, na mizigo waliyoweza kubeba. Gunia lenye rangi kavu halikunjwi, linapasuka.

Kama kwenu, Mbuji-Mayi au Kananga au popote, bado kuna moja, msiioshe kwa maji. Ulizeni wazee wangali hai, kisha andikeni nyuma ya fremu: nani aliinunua, mwaka gani, katika kambi gani.