Insulini: Soma kichupa, soma na bomba la sindano

MGONJWA wa kisukari anayejidunga insulini nyumbani ndiye muuguzi wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo, maandishi madogo yaliyo kwenye kichupa yanamhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Jambo la kwanza ni nguvu ya dawa. Maandishi "100 IU/ml", au U-100, yana maana kwamba kila mililita moja ina uniti 100. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Ipo pia insulini ya U-40, yenye uniti 40 kwa mililita, ambayo ingali inatumika katika baadhi ya nchi, ikiwamo India.

Bomba la sindano nalo lina namba yake, na ni lazima ilingane na ya kichupa. Kwa kawaida bomba la U-100 huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa na la U-40 chekundu, lakini cha kuaminiwa ni maandishi.

Mgonjwa aliyeandikiwa uniti 20 akivuta insulini ya U-100 hadi alama ya 20 ya bomba la U-40, atakuwa amejidunga uniti 50. Sukari yaweza kushuka ghafla, akatoka jasho, akatetemeka, akapoteza fahamu na hata kufa. Akikosea kinyume chake, atapata uniti 8 tu na sukari itabaki juu.

Jambo la pili ni aina. "Soluble" hufanya kazi haraka na huwa angavu kama maji. Ikionekana na ukungu isitumiwe. "Isophane", au NPH, hufanya kazi kwa muda mrefu na huwa nyeupe kama maziwa. "30/70" ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Jambo la tatu ni muda. Tarehe iliyo mbele ya "EXP" ni ya kichupa ambacho hakijafunguliwa, kilichotunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Sentigredi bila kuganda. Kikishafunguliwa, insulini nyingi hudumu takriban wiki nne, hivyo tarehe ya kukifungua iandikwe juu yake.

Mgonjwa akipewa kichupa au bomba tofauti na alilozoea, asijikadirie kipimo. Amuulize mfamasia kabla hajaondoka dirishani.