Nani asimamie tarakilishi hospitalini? Safari ya Mosoriot hadi Eldoret

Mnamo Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot katika eneo la Nandi, si mbali na mji wa Eldoret, kilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa wake katika tarakilishi. Wakati huo hospitali nyingi nchini zilikuwa zingali zikitegemea faili za karatasi na madaftari, na haikuwa ajabu mgonjwa aliyerudi baada ya mwezi mmoja kuandikishwa upya kana kwamba hakuwahi kuonekana hapo. Kwamba kituo cha mashambani kilitangulia kulitokana zaidi na jinsi kazi hiyo ilivyosimamiwa kuliko ubora wa mashine zenyewe.

Waanzilishi wa mfumo huo, wakiwemo Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi na William Tierney wa Taasisi ya Regenstrief iliyoko Indiana, Marekani, hawakukimbilia vifaa vya bei ghali. Kabla ya kuwasha tarakilishi yoyote, walipima muda ambao mgonjwa na mhudumu hutumia katika shughuli mbalimbali za kituo. Kisha, badala ya mgonjwa mmoja kuandikwa katika madaftari kadhaa, wahudumu walijaza fomu moja ya karatasi kwa kila ziara, na habari zake zikaingizwa katika hazina ya data iliyoundwa kwa programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access. Tabibu hakulazimishwa kuacha kalamu yake. Aidha, kwa kuwa umeme wa mashambani hauaminiki, mitambo iliwekewa njia zaidi ya moja ya kupata nguvu.

Matokeo yake si haba. Katika miezi sita, ziara 10,000 za wagonjwa 6,190 zilikuwa zimeingizwa. Muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kusubiri nao ulipungua kwa asilimia 38, ingawa kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo ilikaribia tu kiwango cha kuaminika.

Hata hivyo, kuna takwimu nyingine katika utafiti huo ambayo wanaosifu teknolojia huiruka. Muda ambao wahudumu walitumia na wagonjwa ulipungua kwa nusu, na sehemu ya muda uliookolewa ikaishia katika shughuli zao binafsi. Mhudumu hastahili kulaumiwa kwa hilo. Madaftari yalikuwa yameondolewa mikononi mwake, na muda uliobaki haukuwa umepangiwa kazi. Kuamua kama muda huo utatumiwa kuzungumza na wagonjwa, kuwatembelea nyumbani au kuongeza idadi ya wanaohudumiwa ni jukumu la msimamizi wa kituo, wala hakuna programu inayoweza kumfanyia uamuzi huo.

Mfumo wa Mosoriot ulikua haraka kwa sababu ya janga la Ukimwi. Mwaka huo huo wa 2001, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na washirika wao kutoka Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha AMPATH, mradi wa kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo hufuatiliwa maisha yake yote, na daktari hawezi kubadilisha dawa bila kujua alichotumia miaka iliyopita. Kufikia 2004 hazina ya data ya awali ilikuwa imeanza kulemewa. Kila swali jipya katika fomu lilihitaji safu mpya katika majedwali, na kila safu mpya ilihitaji fundi wa kuiongeza.

Wataalamu wa Regenstrief, wakishirikiana na wenzao wa shirika la Partners In Health na wa Afrika Kusini, waliamua kuujenga mfumo upya tangu msingi. Programu waliyoibuni, OpenMRS, ina kamusi ya dhana ndani yake: ugonjwa, dawa au kipimo kipya huongezwa katika kamusi hiyo bila kubomoa majedwali. Msimbo wake ni wa wazi, yaani hospitali yoyote yaweza kuuchukua, kuuchunguza na kuubadilisha bila kulipia leseni. AMPATH ilianza kuitumia Februari 2006, na Rwanda ikafuata mwaka huo huo.

Huko Eldoret ilidhihirika pia kwamba rekodi zilizohifadhiwa vyema zinaweza kumsaidia daktari papo hapo. Watafiti walijaribu kuchapisha muhtasari wa kila mgonjwa ukiwa na kikumbusho kwa wale ambao kipimo chao cha CD4, kinachoonyesha nguvu za kinga ya mwili, kilikuwa kimechelewa. Katika kliniki iliyopewa vikumbusho, kipimo kiliagizwa kwa asilimia 53 ya waliokihitaji, ikilinganishwa na asilimia 38 katika kliniki isiyopewa. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini lina upande wa pili: hata tarakilishi ilipokumbusha, karibu nusu ya wagonjwa hawakuagiziwa kipimo. Ili kikumbusho kifanye kazi, ni lazima mtu akichapishe, mwingine akiweke katika faili kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari, naye daktari akisome. Hatua zote hizo ni za usimamizi.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika hospitali nyingi, kitengo cha teknolojia ya habari huhesabiwa pamoja na mafundi wa mabomba: huitwa kitu kikiharibika. Mkuu wake hana kiti katika kamati ya usimamizi, hivyo mfumo hununuliwa bila yeye kuulizwa, kisha akatwishwa mzigo wa kuuendesha. Msimamizi anayejua mitambo pekee naye huleta hasara ya aina yake, kwani atabuni ukurasa wenye visanduku 30 vya kujazwa ilhali muuguzi wa zamu ya usiku ana wodi nzima ya kuangalia.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2002 serikali yake ilianzisha Mpango wa Kitaifa wa Teknolojia ya Habari katika huduma ya afya ya umma, NHS, kwa nia ya kumpa kila mgonjwa wa England rekodi moja ya kielektroniki. Mikataba ilitolewa na makao makuu kwa kampuni chache kubwa, na hospitali zikaletewa mifumo ambayo hazikuichagua. Mnamo Septemba 2011 serikali ilitangaza kuuvunja mpango huo, mabilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kutumika. Jopo lililoongozwa na Profesa Robert Wachter wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilitoa ripoti yake 2016 na kupendekeza kwamba hospitali ziwe na madaktari na wauguzi waliofunzwa teknolojia ya habari, wapewe muda na mamlaka ya kuiongoza.

Mwaka uliofuata, Mei 12, 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga tarakilishi katika nchi nyingi duniani. Kwa makadirio ya NHS, zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba ufa huo tangu Machi, na hospitali zilikuwa zimetumiwa maonyo. Wakaguzi wa hesabu za serikali waligundua kwamba hapakuwa na utaratibu rasmi wa kuthibitisha kama maonyo hayo yalifuatwa.

Nchini Kenya, mamlaka yamegawika kwa namna nyingine. Tangu ugatuzi uanze 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti, na kaunti mbili jirani zaweza kuwa na mifumo isiyoelewana hata kidogo. Mgonjwa anayevuka mpaka hulazimika kubeba historia yake kichwani au katika kijidaftari. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Palipo na neno moja la siri linalotumiwa na wodi nzima, hakuna awezaye kusema ni nani aliyeifungua rekodi ya jirani yake.

Swali gumu kuliko yote ni la fedha. Waandishi wa ripoti ya Mosoriot, iliyochapishwa 2003, walisema kwamba mustakabali wa mfumo huo ungetegemea uwezo wa Wakenya wenyewe kuugharamia na kuuendesha. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni, kliniki nyingi za Ukimwi zilijikuta mahali hapo hapo. Tarakilishi hazikuondoka. Waliotiwa wasiwasi ni makarani wa data na mafundi, ambao wengi wao walikuwa wakilipwa na miradi ya wafadhili.

Katika bajeti ya kaunti, ununuzi wa tarakilishi kwa kawaida huwekwa katika fungu la maendeleo, na huvutia hafla ya uzinduzi na wapiga picha. Mshahara wa karani, ada ya intaneti na betri mpya huwa katika matumizi ya kawaida, yasiyozinduliwa na yeyote. Msimamizi wa teknolojia hospitalini ana hadi Aprili 30 kila mwaka, makadirio yanapowasilishwa katika bunge la kaunti, kuhakikisha kwamba fungu hilo la pili halijasahauliwa.