Lady Alice: mashua iliyopima ziwa na kuacha msiba Bumbire

Ukisimama ufukweni Bukoba unakiona kisiwa cha Musira kikiwa mbele yako. Mwishoni mwa Aprili 1875, miaka 15 kabla Emin Pasha hajaweka kituo chake na mji wa Bukoba kuanza kuchipuka, mashua moja ya mbao za mwerezi ilitua hapo. Mwenye mashua, mpelelezi Henry Morton Stanley, alipanda hadi kileleni ili aitazame pwani ya Uhaya. Siku chache baadaye watu wa kisiwa cha Bumbire, katika wilaya ya leo ya Muleba, walikutana naye kwa ubaya.

Pwani yetu ya bahari ilipimwa na manowari za matanga za Uingereza. Leven na Barracouta, chini ya Kapteni William Owen, zilifanya kazi hiyo katika miaka ya 1820. Katika Ziwa Victoria manowari isingeweza kupanda, kwa hiyo kazi ikaangukia mashua ya futi 40 kwa 6, iliyoundwa na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames. Ilikuwa ya vipande, na wapagazi waliibeba mabegani kutoka Bagamoyo, Novemba 1874, wakapita Ugogo hadi Kagehyi, Usukuma, walikofika mwisho wa Februari. Gharama za msafara huo wa Stanley zililipwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald.

Tarehe 8 Machi 1875 Lady Alice iling'oa nanga ikiwa na Stanley na watu 11. Mshika usukani alikuwa Safeni, na miongoni mwa wapiga makasia walikuwamo Uledi na Zaidi. Waliokuwa wakilijua tanga na kasia ni hao, wengi wao waungwana wa Zanzibar; Stanley alishika dira, saa na kitabu. Swali lililowapeleka lilikuwa kubwa. Mpelelezi Speke aliliona ziwa upande wa kusini mwaka 1858, kisha mwaka 1862 akaona maji yakitoka kaskazini kuingia Nile, lakini mabingwa wa Ulaya, Burton akiwa mmoja wao, hawakukubali kwamba ni ziwa moja. Lady Alice ilifuata ufukwe wa mashariki na wa kaskazini, rasi kwa rasi, ikafika kwa Kabaka Mutesa mwanzoni mwa Aprili, kisha ikashuka magharibi kuja kwetu.

Tarehe 28 Aprili walifika Bumbire wakiwa na njaa, wakitafuta chakula. Yote tunayoyajua kwa maandishi yanatoka kwa Stanley, na hilo msomaji alikumbuke kila mstari. Anasema watu wa kisiwa waliivuta mashua nchi kavu ikiwa na watu ndani, wakachukua makasia yote. Safeni aliachiwa kazi ya kusema nao. Alitoa shuka na shanga kama hongo, akajadiliana kwa utulivu huku mikuki imeelekezwa kwake. Ngoma zilipolia na watu kuongezeka, mabaharia waliisukuma mashua kwa nguvu hadi ikaingia majini, Stanley akafyatua bunduki. Kwa kuwa makasia hayakuwapo, waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakapiga nazo maji. Walikuwa watu 12 na ndizi nne. Upepo na mvua viliwasukuma vipendavyo hadi wakapata kisiwa kitupu cha kujisitiri, na mapema Mei wakarudi Kagehyi.

Mimi naona watu wa Bumbire walikuwa na haki ya kumshuku mgeni mwenye bunduki aliyetokea bila mjumbe. Hata ukiona walikosea, kilichofuata hakina utetezi. Stanley alirudi akiwa na mitumbwi 18 na wapiganaji 280, wakiwamo Waganda. Alikuwa amekwisha kumkamata Shekka, mtawala wa kisiwa, aliyekuwa chini ya Mkama (mfalme) wa Ihangiro. Tarehe 4 Agosti alipanga mitumbwi mbali kidogo na ufukwe, mahali ambapo risasi hufika na mkuki haufiki, akaamuru wapige. Katika taarifa aliyoipeleka kwenye magazeti yake alihesabu maiti 42 na majeruhi zaidi ya 100, akaandika kama mtu aliyefunga hesabu. Taarifa hiyo ilipochapishwa mwaka 1876 ilizusha hasira Uingereza, na katika Chama cha Kifalme cha Jiografia wapo waliosimama kumlaumu.

Kuna jambo la ramani ambalo halisemwi sana. Lady Alice ilithibitisha kwamba ziwa ni moja, na sifa hiyo haipingiki. Lakini kona ya kusini-magharibi, chini ya Muleba, ilipotoka. Mashua iliyokimbia bila makasia haikuweza kuufuata ufukwe, na visiwa vikachorwa kana kwamba ni bara. Stanley mwenyewe aligundua mwaka 1889, alipopita kwa miguu, kwamba ziwa linaendelea mbali zaidi upande huo. Upimaji makini ulisubiri hadi afisa wa jeshi la majini, Kamanda Whitehouse, alipolizunguka ziwa tangu mwisho wa miaka ya 1890.

Mwanzoni mwa 1876 Lady Alice ilibebwa hadi Karagwe kwa Mkama Rumanika. Huko iliungwa tena, ikashindana mbio na mitumbwi mbele ya Mkama. Baadaye ikazunguka Tanganyika, ikateremka Kongo. Mwisho wa Julai 1877 iliachwa kwenye mwamba juu ya maporomoko ya Isangila, bahari ikiwa karibu. Safeni aliposikia kwamba bahari iko karibu akili yake ilimtoka kwa furaha, akaingia porini na kasuku wake begani, na hakuonekana tena.

Waliosalia walirudishwa Zanzibar Novemba 1877 na meli ya jeshi la majini la Uingereza, Industry. Wakalipwa mishahara, na jamaa za waliokufa njiani wakaja kudai haki zao. Majina ya mabaharia yamo katika kitabu cha Stanley. Majina ya waliouawa Bumbire hayamo, na sisi wa Muleba na Bukoba ndio wa kwenda kuwauliza wazee wa visiwani, Ihangiro pia, na kuandika watakachotuambia.